Saini za Siku Kumi na Nne

Kuna watu wanaoijua kazi yao kuliko wanavyoijua nyumba yao, na Pantaleo Anselmi alikuwa mmoja wao, ingawa hakupenda iwe hivyo. Winchi ya mnara iliyosimama pale Mchafukoge, kwenye jengo la ghorofa kumi lililokuwa likijengwa na shirika moja la umma, aliijua bolti kwa bolti. Angeweza kukutajia ipi ilibadilishwa lini na ipi inapenda kulegea wakati wa kaskazi. Lakini nyumba yake ya Chikundi, wilaya ya Masasi, ambayo mkewe aliijenga upya baada ya watu kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, hakuwahi kuiona. Hakujua hata mlango wake unatazama upande gani.

Kazi yake ilikuwa ukaguzi. Kila alfajiri, kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kuigusa winchi ile, Pantaleo alianzia chini na nyundo ndogo, akigonga nati moja moja kwenye miguu ya mnara. Nati iliyokaza hulia, iliyolegea hukohoa, ndivyo alivyokuwa akiwaeleza waliomwuliza. Kisha akapanda ngazi, akikagua viungo mpaka juu. Akayatazama mawe ya zege yaliyowekwa mkiani ili mnara usipinduke ukibeba mzigo. Akamwambia Seifu, dereva wa winchi, ajaribu breki, kisha apandishe ndoano polepole ili waone kama swichi itaikatiza kabla haijagonga juu. Mwisho kabisa ukaja waya, ule wa kubebea mizigo, mnene kama kidole gumba cha mwanamume, uliosukwa kwa nyuzi nyingi za chuma. Akimaliza aliteremka, akasaini daftari la ukaguzi. Bila saini yake ya siku ile winchi haikupaswa kuzunguka hata nusu duara.

Waya hukaguliwa kwa tambara. Unausimamia pale juu, unaukumbatia kwa kitambaa cha pamba, dereva anauteremsha taratibu, nao unapita mkononi mwako. Uzi mmoja ukiwa umekatika hutokeza ncha kama ya sindano, na ncha hiyo hunasa kitambaa. Macho hayaioni kwa sababu ya grisi. Tambara huiona.

Shida ni kwamba miaka ile tambara lilikuwa mali. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, nguo ndiyo usiseme. Watu walivaa viraka juu ya viraka. Stoo ya ujenzi haikuwa na tambara hata moja kwa miezi mitatu, na Pantaleo alipokwenda kulalamika kwa fomeni, Mzee Bushiri, alijibiwa hivi:

"Ndugu yangu, watu hawana cha kujisitiri, wewe unataka nguo za kuivisha winchi?"

Wote waliokuwepo wakacheka, naye akacheka. Alijaribu gunia, lakini gunia lina manyoya yake, hunasa kila mahali hata pasipo na kitu. Alijaribu karatasi ya mfuko wa saruji ikamchanikia mkononi. Mwishowe akawa anautazama waya kwa macho tu, na kusaini.

Sasa nikwambie habari ya khanga, maana bila hiyo hutamwelewa mtu huyu.

Mkewe aliitwa Evarista. Waliishi wote chumba kimoja Mchikichini kwa miaka minne, na majirani walikuwa wakisema wale wawili wakigombana utadhani wanaimba. Kisha mama yake Evarista akaugua kule Chikundi, na mikorosho ikawa haina mtu. Evarista akafunga mzigo. Usiku wa kuagana alitoa doti ya khanga mpya, nyekundu na nyeusi, ambayo Pantaleo aliipigia foleni siku nzima. Wenyewe mnajua khanga huuzwa mbili mbili, zimeungana, mpaka mtu azikate. Evarista akachukua kisu, akazikata. Moja akajifunga, ya pili akamtupia mumewe begani.

"Yangu nitaivaa," alisema. "Yako ujifunike. Siku zikikutana tutazishona zirudi kuwa doti. Hebu nisomee, imeandikwaje?"

Evarista hakujua kusoma. Pantaleo akasoma: *Ulipo nami nipo.*

"Basi," mkewe akasema, "usinifanye khanga iwe mwongo."

Hiyo ilikuwa miaka miwili na miezi mitano iliyopita. Toka hapo Pantaleo alijifunika khanga ile kila usiku, na asubuhi aliikunja mara nne na kuiweka chini ya mto. Ilikuwa imepoteza harufu ya mwenyewe zamani, lakini hakuacha kuinusa. Alimkumbuka Evarista mpaka kifua kikamwuma, na sikusudii maneno ya nyimbo, nakusudia kuuma kweli, kama mtu aliyebeba mfuko wa saruji akapumzika vibaya. Kila alipokuwa juu ya mnara alitazama kusini. Kusini haikuonekana. Zilionekana paa za Kariakoo, minara ya misikiti, bandari, na mlango wa bahari ambao meli ya Mtwara ilipitia.

Aliandika barua. Alikuwa fundi wa ahadi kuliko fundi wa winchi. "Mwezi ujao nakuja." "Baada ya Pasaka nakuja." "Wakimaliza ghorofa ya saba nakuja." Kule Chikundi mwalimu wa kisomo cha watu wazima alimsomea Evarista barua hizo, akamwandikia na majibu, majibu mafupi yenye salamu nyingi za wakwe. Mara meli iliharibika, mara likizo ilikataliwa, mara barabara ya Rufiji ililiwa na mvua. Ghorofa ya saba ikaisha, ikaja ya nane. Mama mkwe, aliyekuwa amepona na ulimi wake, alituma ujumbe kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

Hatimaye, Ijumaa moja ya mwezi wa nne, likizo ikatoka. Siku kumi na nne. Meli ilikuwa Jumamosi saa sita mchana, na tikiti alikuwa nayo mfukoni. Mzee Bushiri alimwita ofisini, kibanda cha mabati chenye joto la tanuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bwana harusi. Haya, umepata. Ila nani atanisainia daftari?"

"Seifu si yupo?"

"Seifu hana cheti. Mwenye cheti ni wewe." Mzee Bushiri akalifungua daftari kwenye mistari mitupu, akaligeuzia kwa Pantaleo. "Nisainie siku zako zote, uende zako ukamwone mkeo. Winchi ya leo ndiyo ya Jumatatu. Chuma hakishikwi na mafua, mwanangu."

Mzee Bushiri hakuwa mtu mbaya, na nalisema hili ili usije ukamchukia bure. Alikuwa mzaliwa wa mji, mswalihina, mwenye kupenda watu wake. Lakini shirika lilitaka zege la ghorofa ya kumi limwagwe kabla viongozi hawajaja kutazama, na pale kazini palikuwa na desturi ambayo kila mtu aliiona ya kawaida. Karani wa mahudhurio aliandika waliohudhuria wiki nzima siku ya Jumatatu asubuhi. Mtunza stoo alijaza fomu za mwezi mzima akimaliza chai. Walisema wanaokoa muda. Karatasi ilitaka saini, nayo ikapewa saini.

Pantaleo alishika kalamu. Saini ya kwanza ilimtia aibu. Ya tano hakuisikia. Ya kumi na nne aliiandika akiwaza kama Evarista bado anasuka nywele mistari minne au ameshabadilisha.

Jumamosi alitoka Mchikichini mapema mno, na sanduku dogo la bati, na khanga ameizungusha shingoni kwa sababu kulikuwa na manyunyu. Kutoka kwake hadi bandarini hakulazimika kupita kwenye jengo. Alijiambia anapita kumuaga Seifu. Uongo mtupu! Mtu aliyegonga nati kila alfajiri kwa miaka sita, miguu yake ina akili zake.

Alimkuta Seifu anafungua kibanda. "Wewe bado uko Dar?" Seifu akamwuliza. "Angekuwa mke wangu kule, ningekuwa nimeshalala kwenye gati toka jana."

"Mara moja tu," Pantaleo akasema. "Nisije nikaenda na kinyongo na mnara huu."

Akaacha sanduku chini, akagonga nati, akapanda. Viungo vizima, breki nzima, swichi nzima. Pale juu, waya ulipoanza kuteremka mbele yake, mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa nyuma kutafuta tambara ambalo halikuwemo kwa miezi mitatu. Akabaki ameduwaa. Kisha akaishika khanga pale shingoni.

Pindo tu, alijisemea. Pindo kidogo, litafulika.

Akauzungushia waya pindo la khanga, akampungia Seifu aendelee. Waya ukapita, laini, mzito, baridi kwa mvua. Dhiraa kumi. Dhiraa ishirini. Tayari alikuwa akiwaza sanduku lake. Ghafla khanga ikavutwa mkononi kama iliyoshikwa na mtu, na akasikia kitambaa kinachanika.

"Simama!"

Alifuta grisi kwa kidole. Ncha moja. Akafuta zaidi. Ncha ya pili, ya tatu. Alikuwa amefundishwa kwamba nyuzi sita zikikatika ndani ya shubiri moja, waya huo haubebi tena hata debe la maji. Alihesabu tisa, akaacha kuhesabu. Pindo la khanga lilikuwa limening'inia kwenye zile ncha, jekundu, limelowa grisi.

Mambo matatu yalimjia kwa pamoja. Kwamba asubuhi ile ile, saa mbili, ndoo kubwa ya zege ingeanza kupanda kwa waya huu. Kwamba jana aliusaini mzima. Na kwamba alikuwa ameshausaini mzima kwa siku nyingine kumi na nne ambazo hata jua lake halijachomoza.

Akateremka. Mzee Bushiri alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni mwa kibanda cha mabati. Pantaleo alimweleza yote, akamwonyesha khanga.

"Jana ulisaini mzima," Mzee Bushiri akasema.

"Jana niliangalia kwa macho."

"Na hizi kumi na nne?"

"Hizo sikuangalia hata kwa macho."

Mzee Bushiri akavua kofia ngumu, akakaa juu ya ndoo. "Sikiliza, mwanangu. Sikulazimishi, nakueleza tu. Ukizifuta hizi, winchi inasimama. Waya wa akiba upo stoo, lakini wa kuufunga ni wewe peke yako, na ni kazi ya siku tatu. Meli ni saa sita. Nyingine ni mwezi ujao, Mungu akipenda na injini nayo ikipenda. Na likizo ikishavunjika, kuiomba tena makao makuu unajua ilivyo. Ukinyamaza, utaondoka, na mimi nitawaambia wabebe nusu ndoo, nusu ndoo."

Naapa Pantaleo alifikiria kunyamaza. Asiyewahi kumkumbuka mtu kwa miaka miwili na miezi mitano asimcheke. Aliwaza nusu ndoo, nusu ndoo. Aliwaza gati la Mtwara, na lori la Masasi, na mlango asioujua unafunguka upande gani. Nje, chini ya mkono wa winchi, Bi Kuruthumu alikuwa akitua sufuria lake la uji pale pale alipolitua kila siku, na vibarua walianza kujipanga na vikombe vyao, mmoja akimtania kwamba uji wa leo una mvua kuliko unga.

Pantaleo akalivuta daftari. Akazikata saini zake, moja baada ya nyingine, kwa mstari mzito, na machozi yakimdondoka juu ya karatasi bila kujificha. Ilichukua muda mrefu kuliko kuziandika. Alipofika mwisho Mzee Bushiri akamnyang'anya kalamu taratibu.

"Andika na sababu pembeni. Na mimi naweka jina langu chini yake. Wakija kuuliza kwa nini zege limechelewa, usisimame peke yako." Kisha akatoka nje, akapaza sauti yake yote: "Kuruthumu! Hamisha sufuria hilo! Wote tokeni chini ya winchi!"

Saa nne Pantaleo alikimbia mpaka lango la bandari. Alimtafuta Theopista, mama wa Chikundi aliyekuwa akiuza njugu Kariakoo na ambaye walikuwa wasafiri pamoja. Alimkuta amekaa juu ya mizigo yake. Hakuwa na muda wa kuandika barua, na hata angekuwa nao, angeandika nini? Kwamba mwezi ujao anakuja? Alikichana kile kipande cha pindo kilichokwisha kulegea, akampa.

"Mpelekee Evarista."

Theopista alikishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya grisi. "Nimwambie nini?"

"Mwambie waya ulikuwa mbovu."

"Toba! Mwanamke anangoja mume toka juzi ya juzi, mimi nikamwambie waya ulikuwa mbovu?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Saa sita meli ilipopiga honi, yeye alikuwa juu, amelala kifudifudi kwenye mkono wa winchi, anafungua waya wa zamani. Aliiona ikipita mlango wa bahari. Seifu, kwenye kibanda chake, aligeuza uso upande mwingine ili asimwone mwenzake. Waliufunga waya mpya kwa siku tatu. Zege likachelewa, viongozi wakaja wakatazama ghorofa tisa, wakasifia, wakaondoka. Hakuna aliyeanguka, hakuna kilichoanguka, na kwa hiyo hakuna aliyekumbuka baada ya juma moja. Likizo mpya iliombwa makao makuu. Makao makuu yakanyamaza.

Wiki tano baadaye meli ilirudi, na kwenye meli kulikuwa na bahasha. Pantaleo aliitazama anwani akadhani ni ya mtu mwingine, kwa kuwa haukuwa mwandiko wa mwalimu. Zilikuwa herufi kubwa kubwa za penseli, kila moja imesimama peke yake, nyingine zimepinda. Aliifungulia pale pale chini ya mnara.

*Mume wangu Pantaleo. Hii naandika mimi. Mwalimu yuko pembeni lakini hashiki penseli. Kipande nimekipata. Theopista kaniambia waya ulikuwa mbovu nikamtukana. Nilikuwa nimepika. Nimeomba hata kuku. Nililia siku mbili. Ya tatu nikachukua sindano nikakishona kwenye khanga yangu. Grisi haitoki na sabuni hakuna, basi ibaki. Khanga hushonwa. Mtu hashonwi. Ulifanya vema. Lakini nakuomba jambo moja. Barua zako zote za nyuma nimezisoma mwenyewe sasa. Usinisainie tena siku ambayo haijafika. Mlango unatazama mashariki. Evarista.*

Alisoma mara tatu. Seifu alipomwuliza kuna habari gani, akampa mkono tu kuashiria kwamba ni njema.

Jioni, chumbani Mchikichini, alikaa kitandani na khanga yake iliyokatika pindo magotini, akachukua karatasi. Akaandika salamu. Akaandika salamu za wakwe. Kisha mkono wake, kwa mazoea, ukaanza: *Mwezi ujao na*. Akasimama. Alikaa muda mrefu akiyatazama maneno yale, maana alitaka kuyamalizia kuliko alivyowahi kutaka kitu. Akayakata kwa mstari mzito, kama alivyozikata zile kumi na nne. Chini yake akaandika:

*Leo ni Jumanne. Asubuhi nimepanda mnara. Nimeupitisha waya wote kwenye khanga, ni mzima. Nimekukumbuka toka nati ya kwanza mpaka ya mwisho. Ya kesho sijui.*

Akaweka saini. Moja.